Chemchemi za Naro Moru

Historia nyingine husomwa kwa macho katika vitabu, na nyingine husomwa kwa miguu. Msomaji, leo nakualika katika usomaji huu wa pili. Tutapanda kwa siku moja upande wa magharibi wa Mlima Kenya, tulifuate Bonde la Teleki mpaka penye chemchemi za mto Naro Moru na maziwa madogo yaliyo chini ya vilele. Njia yenyewe si ndefu mno, na kila mwaka hupitwa na watu wengi, wakiwamo wanafunzi wa makamo yako. Lakini katika njia hiyo kila jina ni fumbo na kila jiwe ni shahidi. Apitaye bila kuuliza huona mandhari tu. Aulizaye huona mambo ya watu wa karne mbili, na mambo ya dunia ya maelfu ya karne.

Basi kabla ya kuondoka tuwekeane sharti. Kila tukutapo jina, tuulize maswali matatu: ni nani aliyelitoa? Ni nani waliokuwapo kabla yake? Na ni nani walioshiriki katika kazi wasitajwe? Mwanafunzi wa historia asiyeuliza maswali haya ni kama mtu aliyepewa ufunguo asitafute mlango.

Tuanzie Kituo cha Hali ya Hewa, mahali palipo karibu mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Yafaa uwe umelala hapa usiku mmoja au miwili, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mlima haupendi watu wa haraka. Wengi wenye nguvu wamerudishwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa sababu walipanda mbio, na aonaye dalili hizo hana dawa iliyo bora kuliko kushuka. Tutoke alfajiri, tungali na nyota, kwa maana huku juu asubuhi huwa kweupe na mchana mawingu hufunika kila kitu.

Jua linapochomoza, simama kidogo utazame nyuma. Chini yako msitu umelala kama blanketi jeusi, na mbele ya msitu ni uwanda wa Laikipia. Mbali, upande wa magharibi, ni safu ya Nyandarua. Kisha geuka utazame juu. Vilele viwili virefu vimesimama pamoja: Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188. Kando yake ni Lenana, wenye mita 4,985. Hayo uyaonayo ni mabaki tu. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, mlima huu ulikuwa volkano yenye moto, na yakisiwa kuwa urefu wake ulipita mita 6,000. Moto ulipozimika, mvua, upepo na barafu viliutafuna mpaka ukabaki moyo wake mgumu, yaani mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano. Vilele vile viwili ndivyo moyo huo.

Sasa tuulize swali letu la kwanza juu ya jina la mlima wenyewe. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Tangu zamani waliamini kuwa huko ndiko akaako Ngai anaposhuka duniani, nao waliposali waliuelekea. Waembu na Wameru nao waliutukuza, kila watu kwa desturi zao. Wakamba, wakaao mashariki mbali kidogo, waliuona ukiwa na weusi wa mawe na weupe wa theluji, na jina lao kwa mlima huo hufasiriwa na wengi kwa kuufananisha na mbuni dume, ambaye manyoya yake ni meusi na meupe. Kutoka kwa Wakamba ndipo jina Kenya lilipoingia katika vitabu.

Aliyeliandika ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa. Mwaka 1849 alisafiri mpaka Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka mpaka pwani. Kivoi alikwisha kuuona mlima huo naye alimweleza mgeni wake habari zake. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf akauona. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka uliotangulia. Habari hizo zilipofika Ulaya, wako mabingwa wa jiografia waliozicheka. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Hawakuwa wamefika Afrika ya Mashariki, bali walibishana na macho ya watu wakiwa wameketi vitini. Mwaka 1883 ndipo Joseph Thomson, akipita Laikipia, alipouona mlima kwa upande wa magharibi, na ubishi ukakoma.

Hapa, msomaji, utaona jambo la kuchekesha kidogo. Lugha yetu ilikuwa na maneno mawili ya kitu hicho ambacho mabingwa walikikana. Neno theluji asili yake ni Kiarabu, na neno barafu asili yake ni Kiajemi. Yaliletwa na bahari, kwa biashara. Mswahili wa pwani aliweza kulitaja jambo ambalo kwa kawaida hakuliona, na Mkamba wa Kitui aliliona kila mbingu zilipotakata. Elimu ilikuwapo, ila haikuwa imeandikwa mahali ambapo wale mabingwa walizoea kusoma.

Tuendelee. Baada ya kituo, miti inapungua, na mianzi tumekwisha kuiacha chini. Tunatoka katika msitu, tunaingia katika mteremko mkali wa nyasi za mafungu na udongo mweusi ulioshiba maji. Hiki ni kinamasi kinachojulikana na kila mpandaji. Unakanyaga fungu la nyasi likakubeba, unakanyaga la pili likakutupa, na mguu unazama mpaka kwenye ndama. Watu hulalamika sana hapa. Lakini usikilaani kinamasi hiki. Kinafanya kazi ya sifongo: mvua ikinyesha kinakunywa, na jua likiwaka kinatoa maji kidogo kidogo. Mito isingaliweza kutiririka wakati wa kiangazi kama mlima usingalikuwa na akiba za namna hii.

Yapata saa nne au tano za asubuhi tunafika ukingoni, na bonde linafunguka mbele yetu. Chini yake unasikika mto. Jina lake, Naro Moru, ni la Kimaasai, na maana yake ni mawe meusi. Jina Nanyuki nalo ni la Kimaasai, lenye maana ya wekundu. Kwa nini mito itokayo katika mlima wa Ngai wa Wakikuyu iwe na majina ya Kimaasai? Kwa sababu uwanda ule wa Laikipia tuliouona alfajiri ulikuwa malisho ya Wamaasai. Mto ukishuka kutoka msituni uliingia katika nchi yao, wakaunyweshea ng'ombe, wakaupa jina. Jina la mto ni kama alama ya miguu katika tope lililokauka. Mwenyewe aweza kuondoka, alama ikabaki.

Bonde lenyewe, lakini, lina jina la mgeni. Samuel Teleki alikuwa bwana mwenye cheo kutoka Hungaria, mpenda kuwinda, aliyesafiri na msafara mkubwa kutoka pwani pamoja na Ludwig von Höhnel. Mwaka 1887 alipanda upande huu wa mlima akapita mita 4,000, na kwa kadiri tujuavyo ndiye Mzungu wa kwanza kufika juu hivyo katika mlima huu. Hakukaa. Alishuka, akaendelea kaskazini mpaka Ziwa Turkana, ambalo aliliita kwa jina la mwana wa mfalme wake, Rudolf. Ziwa lile lilirudishiwa jina la watu wake mwaka 1975. Bonde limebaki na jina la Teleki. Hata mmea mmoja wa huku juu, lobelia wenye manyoya, unajulikana na wataalamu kwa jina lake.

Tazama basi umbo la bonde. Mabonde yachimbwayo na mito huwa membamba chini, mfano wa herufi V. Hili ni pana chini na kuta zake zimesimama, mfano wa herufi U. Mto mdogo kama Naro Moru hauwezi kulichimba bonde kama hili. Aliyelichimba ni barafu. Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, hujilundika na kujigandamiza mpaka ikawa barafu nzito, nayo barafu hiyo husogea polepole kuteremka kwa uzito wake. Huu ndio uitwao mto wa barafu. Husogea kwa mwendo usioonekana kwa jicho, lakini hubeba mawe na kukwaruza miamba kama tupa ikwaruzavyo chuma. Mwisho wake, palipo na joto, huyeyuka na kuacha tuta la mawe na changarawe.

Mtu aliyesoma habari hizi kwa makini katika mlima huu alikuwa mwalimu wa jiolojia, J. W. Gregory, aliyekuja mwaka 1893 na wapagazi wachache kutoka pwani. Aliona matuta ya barafu mahali pa chini mno, zaidi ya mita 1,000 chini ya barafu iliyokuwapo, akafahamu kuwa zamani mitambaa ya barafu iliteremka mpaka karibu na msitu. Gregory ndiye aliyeipa mito ya barafu majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Ule mkubwa kuliko yote aliuita Lewis, kwa heshima ya mtaalamu mmoja wa Kimarekani. Na wale wapagazi? Walikuwa watu wa joto, wengi hawakupata kuona maji yakiganda. Walibeba mizigo katika baridi iliyowakata nyayo. Ramani haina bonde wala kilima kinachotaja jina la hata mmoja wao.

Tukitembea katika sakafu ya bonde tunaingia katika bustani ya ajabu. Senesio wakubwa wamesimama kama watu waliojifunga mablanketi, maana hawaangushi majani yao makavu, bali huyaacha yauzunguke mti kuukinga na baridi. Lobelia wengine hufanya bakuli kwa majani yao, na bakuli hilo hujaa maji. Usiku maji yakiganda juu, barafu nyembamba huwa kifuniko, na kichipukizi kilicho ndani husalimika. Huku wasema kila siku ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, na mimea imejifunza kuishi na majira mawili kwa siku moja. Chozi mwenye rangi ya kijani huruka kutoka lobelia mpaka lobelia akitafuta wadudu na utamu wa maua. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, hawana hofu na wageni.

Katika mita 4,200 hivi tunafika Kambi ya Mackinder. Tuketi tule, kwa kuwa hapa pana habari ndefu, nayo si nyepesi.

Halford Mackinder alikuwa mwalimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwezi wa Mei. Safari iliyokuwa ya majuma mengi ikawa ya siku chache, naye akaona ndiyo nafasi ya kufika kileleni kabla ya mwingine. Alitoka Nairobi na msafara wa watu wapatao 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamaasai 2 wa kuonyesha njia. Hesabu hiyo itafakari. Katika kila watu 28 mmoja tu alikuwa Mzungu. Waliobeba mahema, vyakula, vyombo vya kupimia na kamba za kupandia walikuwa watu wa nchi hii na wa pwani.

Lakini ulikuwa mwaka mbaya. Katika nchi za kati za Kenya mvua zilikuwa zimekosa, njaa ilikuwa imeshika, na ndui ilikuwa ikiua watu. Jiulize maana ya kuingiza watu 170 wenye njaa katika nchi isiyo na chakula. Wanakijiji walikuwa na akiba kidogo ya watoto wao, na wageni walikuwa na bunduki na shanga. Walipotafuta chakula palitokea mapigano, na Waswahili wawili wa msafara wakauawa. Hatimaye ikabidi chakula kiagizwe Naivasha. Na liko jambo zito kuliko hilo. Katika karatasi za safari hiyo wanahistoria wamekuta orodha ya wapagazi, na penye majina manane yameandikwa maneno ya kusema kwamba walipigwa risasi kwa amri. Mackinder katika taarifa zake hakulieleza jambo hilo, na wanahistoria wamelijadili sana tangu shajara yake ilipochapishwa mwaka 1991. Kwa miaka tisini na zaidi wasomaji walisoma habari za kupanda kwake bila kuyajua.

Ni kweli kupanda kwenyewe kulikuwa kwa ushujaa. Walijaribu mara ya kwanza wakashindwa, wakarudia. Mackinder pamoja na viongozi wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, walilala juu ya mwamba, wakakata ngazi kwa shoka katika barafu iliyokuwa ngumu hata wakaiita Almasi, na tarehe 13 Septemba 1899, wakati wa adhuhuri, wakasimama juu ya kilele. Hakuna mtu mwingine aliyefika pale mpaka mwaka 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipopanda, wakakanyaga na Nelion kwa mara ya kwanza. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja, msomaji: kwamba mtu alikuwa shujaa, na kwamba wengine waliulipia ushujaa wake. Historia inayotaja la kwanza na kulificha la pili si historia, ni sifa tu.

Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina. Hakuchukua ya Kiingereza. Alichagua ya Wamaasai: Batian kwa Mbatian, laiboni mkuu aliyefariki miaka michache kabla yake; Nelion kwa ndugu yake Mbatian; Lenana kwa mwanawe, aliyekuwa hai wakati huo. Waweza kusema hiyo ilikuwa heshima, na kwa kiasi fulani ni hivyo. Lakini soma yaliyofuata. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mapatano na Lenana na wenzake, na Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa ili ardhi wapewe walowezi. Wengi wao waliletwa Laikipia, ule uwanda ulio chini ya mlima huu, wakaahidiwa kuwa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 ahadi hiyo ilivunjwa kwa mapatano mengine, nao wakahamishwa tena kuelekea kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913 kudai haki yao, wakashindwa. Lenana mwenyewe alifariki mwaka 1911. Basi majina ya viongozi yalibaki mawinguni, na watu wao waliondolewa katika malisho yaliyo chini ya majina hayo. Ni rahisi kumpa mtu kilele kisichoota majani. Kumwachia nyasi za ng'ombe wake ndiko kugumu.

Inuka sasa. Njia inapanda kwa nguvu upande wa kushoto wa bonde. Pumzi zinakuwa fupi, na kila hatua kumi yataka kusimama. Baada ya mwendo wa saa moja na zaidi, ghafla nchi inakuwa tambarare kidogo, na mbele yako ni ziwa dogo, limetulia kama kioo kilicholazwa. Katika mita 4,490 hivi, ukuta wote wa magharibi wa Batian umesimama ndani ya maji kichwa chini. Maziwa ya namna hii ni mengi katika mlima huu. Barafu ilichimba shimo katika mwamba, au tuta la mawe likaziba njia ya maji. Barafu iliporudi nyuma maji yakakaa. Kila ziwa ni nyayo ya barafu iliyoondoka.

Kutoka hapa waweza kuviona vijito vikianguka kutoka chini ya barafu ya Tyndall na barafu ya Lewis, vikakutana bondeni, vikawa Naro Moru. Chini ya barafu ya Lewis kuna ziwa jingine dogo, nalo ni changa. Pale lilipo, zamani palikuwa na barafu tupu. Wataalamu wameipima barafu ya Lewis mara nyingi, hata ni mojawapo ya zile zijulikanazo vizuri kuliko zote katika nchi za joto. Walipolinganisha vipimo vya mwaka 1934 na vya mwaka 2010 waliona eneo lake limepungua kwa asilimia 79, na ujazo wake kwa asilimia 90. Tangu vipimo hivyo imeendelea kupungua na kukatika. Barafu ya Gregory, iliyopewa jina la yule mwalimu aliyezipa nyingine majina, imekwisha kabisa. Ukipiga picha leo ukaiweka kando ya picha za safari ya mwaka 1899, utadhani ni milima miwili.

Watu wengi husema, barafu ikiisha mito itakauka. Hapa yataka tuwe waangalifu, kwa maana kosa la sababu huzaa kosa la dawa. Barafu yote ya mlima huu ni ndogo, na maji inayoyatoa ni sehemu ndogo tu ya maji ya mito. Sehemu kubwa hutoka katika mvua inayoshikwa na msitu na vile vinamasi tulivyovilaani asubuhi. Hivyo barafu inayokufa ni shahidi anayetuambia kuwa hewa ya dunia imebadilika. Msitu ndio mama wa maji. Anayeililia barafu huku akikata miti analia msibani akiwa na shoka mkononi.

Na maji haya huenda mbali. Naro Moru huingia katika Ewaso Ng'iro, ukaelekea kaskazini kwa Wasamburu na Waborana na Wasomali, ukapotea katika kinamasi cha Lorian. Wakulima wa juu wakifunga maji mengi kwa mifereji na mabomba, wafugaji wa chini hukuta mchanga. Ugomvi wa namna hiyo umekuwapo tangu zamani za walowezi. Upande wa pili wa mlima, mito ya mashariki na kusini huingia Tana. Njiani hunywesha mpunga wa Mwea, mashamba yaliyoanza kulimwa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Kindaruma, Gitaru na mingineyo, ndipo ukaingia Bahari ya Hindi. Taa unayosomea, msomaji, huenda umeme wake ulipata nguvu kutoka katika mvua ya mlima huu.

Yako mengine yaliyopita hapa ambayo lazima tuyataje kabla ya kushuka. Mwezi wa Januari 1943 Waitalia watatu, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita karibu na Nanyuki. Hawakutoroka ili wakimbie. Walipanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri, wawili wakafika Lenana wakasimika bendera, kisha wakashuka wakajirudisha gerezani wenyewe. Miaka kumi baadaye, misitu hii ilikuwa makao ya wapiganiaji uhuru. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliongoza majeshi ya Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954, na ndege za Waingereza ziliangusha mabomu juu ya miti hii. Katika vijito hivi watu wenye njaa na majeraha walikunywa maji. Kisha Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, Kisoi Munyao alipanda na wenzake katika baridi na ukungu, akaipeperusha bendera ya taifa juu ya mlima. Linganisha bendera ya mfungwa na bendera ya taifa: mmoja alitaka kujikumbusha kuwa yu mtu huru, na mwingine alitangaza kuwa watu wote wamekuwa huru.

Mawingu yamekwisha kupanda bondeni. Tushuke kambini kabla giza halijatufunga. Unaposhuka, yafikiri yale maswali yetu matatu. Waliotoa majina tumewajua: Teleki, Gregory, Mackinder. Waliokuwapo kabla yao tumewajua kwa majina ya mito na ya mlima. Wasiotajwa ndio wengi kuliko wote: wapagazi 162 wa msafara mmoja tu, wanakijiji walionyang'anywa nafaka yao, wachungaji waliohamishwa mara mbili, wafungwa waliochimba mifereji. Hao hawakuandika vitabu, lakini wajukuu wao wako hai, na yumkini mmoja wao ni jirani yako.

Hii ndiyo kazi ninayokuachia. Mlima umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1949, na tangu 1997 umo katika orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo mawe yake na miti yake vina walinzi. Kumbukumbu za watu hazina mlinzi ila wewe. Uliza nyumbani mto wa kwenu unatoka wapi, nani aliupa jina, nani alichimba mfereji wake na nani aliukosa maji yake. Andika jibu, uweke tarehe na jina la aliyekuambia, hata likiwa jina la bibi asiyejua kusoma. Mwandishi wa orodha ile ya mwaka 1899 aliandika majina manane na kando yake maneno machache, na kwa sababu yaliandikwa, watu wale hawakupotea kabisa. Kalamu yako iwe na huruma kuliko yake.